Ameamka

Nilipokuwa mtoto, jirani yetu mmoja alikuwa akipitia uani kwetu kila asubuhi akielekea kisimani. Alikuwa mwanamke mwema, mcheshi na mkarimu. Haukupita msimu wa zambarau bila ya yeye kutuletea kikapu. Akiukaribia mlango wa jiko alikuwa akipaza sauti: "Hodi hapa, Mwalimu! Kimeamka?" Naye mama, bila ya kuinua macho kutoka kwenye karai la mandazi, alikuwa akijibu: "Karibu, dadangu. Ameamka."

Aliyekuwa akiulizwa ni mdogo wangu wa kiume. Majibizano hayo niliyasikia kwa miaka mingi, yakawa kama kuwika kwa jogoo, sauti ya kila siku isiyomshughulisha mtu. Haikunijia kamwe kwamba mama alikuwa akisahihisha. Hadi siku moja, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, mhadhiri wetu alipokuwa akifundisha upatanisho wa kisarufi, akaandika ubaoni maneno kipofu, kiziwi, kiwete na kilema. Alitueleza kwamba majina hayo yamevaa kiambishi cha ngeli ya KI-VI, lakini maadamu yanataja watu, vitenzi vyake huchukua upatanisho wa A-WA: kipofu amefika, viziwi wameketi. Wenzangu walinakili mifano. Mimi kalamu ilinikwama mkononi, kwa kuwa nilikuwa nimeisikia sauti ya mama ikisema: Ameamka.

Insha hii inahusu watoto wenye ulemavu walio katika umri wa chekechea, na nafasi yao katika zile shule ndogo za vijijini ambazo aghalabu wanajamii wenyewe ndio waliozijenga. Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili ana lipi la kusema juu ya chekechea? Jibu langu ni kwamba suala hili, kabla halijawa la bajeti na la majengo, ni suala la ngeli. Ni nani anayehesabiwa miongoni mwa a- na wa-, na ni nani anayeachwa nje, hata na watu wanaompenda?

Mdogo wangu alizaliwa mwaka 2000, mimi nikiwa na umri wa miaka 3. Mama aliumwa uchungu kwa siku mbili nyumbani, na mtoto alipotoka hakulia. Alipofikisha mwaka mmoja bila ya kuweza kuketi, alipelekwa hospitalini, na huko mama akaambiwa kwamba ana mtindio wa ubongo. Hii ni hali inayotokana na kudhurika kwa ubongo ungali unakua, kabla ya mtoto kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au muda mfupi baadaye. Kukosa hewa, manjano makali ya mtoto mchanga, homa ya uti wa mgongo na malaria iliyopanda kichwani ni baadhi ya sababu zake. Misuli hukakamaa au hulegea, viungo hutetemeka, maneno hutoka kwa taabu. Akili yaweza kuathirika, na yaweza isiathirike hata kidogo. Haiambukizi.

Kijijini petu, kusini mwa pwani ya Kenya, kulikuwa na maelezo mengine. Wapo waliotaja jini, wapo waliotaja mkosi, na wapo walionong'ona kwamba mama aliwahi kumcheka mtu akiwa mjamzito. Waliokuwa na moyo mwema zaidi walimwambia, "Mwalimu, hujafa hujaumbika." Methali hii tunaifundisha kama onyo kwa wanaowadhihaki watu wenye ulemavu, na kwa hakika imewaziba wengi midomo. Hata hivyo, nimeitafakari sana tangu hapo. Inamwambia mzima asicheke kwa sababu huenda kesho yakamfika yeye. Mtoto aliyelala mkekani amekuwa funzo kwa mwingine, kioo cha mzima kujitazamia ajali yake ya kesho. Sikupata kusikia methali ikimwambia mtoto mwenyewe neno lolote.

Mama alikuwa mwalimu wa chekechea. Shule yake ilikuwa banda la makuti lenye nguzo za mikoko, lililojengwa na wazazi kwa harambee, kila nyumba ikitoa makuti, siku ya kazi, au vyote viwili. Hiyo ndiyo historia ya shule nyingi za awali nchini mwetu. Tangu Uhuru, serikali ilijishughulisha zaidi na shule za msingi, na jamii zikajijengea chekechea chini ya miembe, katika kumbi za makanisa na katika vyuo vya Kurani. Huku pwani, mpango wa shule za awali za madrasa ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980, kwa ufadhili wa Wakfu wa Aga Khan, uliwatoa kina mama vijijini na kuwafunza ualimu ili waziendeshe shule za jamii zao. Ninazitaja juhudi hizi kwa heshima. Jamii maskini iliyojijengea shule kabla ya serikali kuifikia haistahili kubezwa.

Lakini nguvu ya shule ya jamii ndiyo pia udhaifu wake. Elimu ya msingi bila malipo iliyoanza Januari 2003 haikuigusa chekechea. Mshahara wa mama ulitoka mifukoni mwa wazazi, shilingi 50 kwa kila mtoto kwa mwezi, na wengine walilipa kwa mahindi. Mwalimu wa namna hiyo hana mwajiri mmoja. Ana waajiri wengi kama walivyo wazazi, na kila mmoja anaweza kumwachisha kazi kidogo kidogo kwa kumwondoa mwanawe.

Januari 2004 mdogo wangu alitimiza miaka 4. Mama alimbeba mgongoni hadi bandani, akamkalisha mkekani pamoja na wengine, akamwegemeza kwenye nguzo kwa mto wa sufi. Wiki ya kwanza ilipita. Wiki ya pili watoto watano hawakuja. Jioni ya Ijumaa wazee watatu wa kamati walibisha hodi nyumbani kwetu, wakakaribishwa, wakanywa chai. Mzee wao alisema kwa upole mwingi: "Mwanangu Mwalimu, sisi hatumchukii mtoto. Mtoto ni wetu sote. Lakini watu wanasema, na watu wakisema, shule inakufa." Mama hakubisha. Alinitazama mimi, akatazama pakacha la unga lililokuwa pembeni, akasema, "Nimesikia, baba."

Jumatatu mdogo wangu alibaki jikoni na nyanya.

Nina jambo la kuungama hapa, nalo ndilo lililonifanya niichelewe insha hii kwa miaka. Mimi, dada yake, nilifurahi. Nilikuwa na umri wa miaka 7, nikisoma darasa la pili katika shule jirani, na kwa wiki mbili zile watoto wenzangu walikuwa wakiniigiza namna mdogo wangu anavyopindika mkono. Alipobaki nyumbani, kejeli zilikwisha. Nilipata amani yangu kwa bei ya nafasi yake. Watu wanapozungumzia kutengwa kwa mtoto mwenye ulemavu huwataja wazee wa kamati, majirani na serikali. Mimi najua kwamba pembeni husimama pia mtoto mwingine, ndugu wa damu, anayeshusha pumzi kimyakimya.

Mama hakushindwa kabisa. Kila usiku, baada ya chakula, alirudia jikoni masomo ya siku ile. Mdogo wangu alijifunza kuhesabu kwa komwe za bao, akizisogeza kwa upande wa kiganja. Alizijua nyimbo zote za chekechea, ingawa hakuwahi kuziimba na mtoto mwingine zaidi yangu. Mama alikuwa mwalimu hodari, lakini palikuwa na somo moja ambalo hakuweza kulifundisha jikoni, nalo ni watoto wengine: kusukumwa na kusukuma, kungoja zamu, kugombania mpira, kuwa na rafiki ambaye si dada yako. Chekechea haipo kwa ajili ya herufi peke yake. Ni mahali pa kwanza ambapo mtoto hujua kwamba yeye ni mmoja wa wengi.

Wakati huo huo nchi ilikuwa na maneno mazuri. Huduma za kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalumu zilianzishwa Kenya mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu ikaundwa mwaka 1986 ili kuwafunza walimu. Mwaka 1994, mjini Salamanca nchini Uhispania, mataifa yalitamka kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2003, muda mfupi kabla ya wazee kuja kunywa chai kwetu. Sheria ile ilikataza mtu kunyimwa nafasi ya masomo kwa sababu tu ya ulemavu wake. Hakuna hata mmoja katika chumba kile, akiwemo mama, aliyewahi kuisikia. Sheria iliyoandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa Nairobi ilikuwa na safari ndefu mno kufika jikoni kwetu.

Mengi yamebadilika tangu hapo, na si haki kuyanyamazia. Kenya iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtoto, katika Ibara ya 53, haki ya elimu ya msingi ya lazima isiyolipiwa. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizo ndani ya jamii, kwa kadiri inavyomfaa. Kabla ya hilo, ibara hiyo hiyo inaanza na jambo ambalo sisi wanafunzi wa lugha tungestahili kulikariri: haki ya kuheshimiwa, na kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Katiba yetu imeliweka suala la ngeli mbele ya suala la madarasa. Mama alikuwa ameitekeleza ibara hiyo tangu kabla haijaandikwa.

Badiliko lililoigusa shule yetu moja kwa moja lilikuwa jingine. Katiba hiyo, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti, na kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, polepole zikaanza kuwaajiri walimu. Mama alipata mkataba. Banda la makuti likapata kuta na bati. Mwaka 2018 serikali ya kitaifa ikatoa sera iliyosisitiza elimu jumuishi, na tangu mwaka 2019, chini ya mtaala mpya, madarasa yake mawili yakaitwa PP1 na PP2. Mwaka 2025 sheria mpya ya watu wenye ulemavu ikachukua mahali pa ile ya 2003. Katika yote hayo, lililokuwa na uzito mkubwa kwetu ni hili dogo: mshahara wa mwalimu haukutoka tena mfukoni mwa mzazi aliyekasirika.

Hilo nililiona kwa macho yangu mwaka 2023. Nilikuwa nimehitimu shahada ya kwanza, nikingoja karo ya uzamili, na kwa mihula miwili nilimsaidia mama darasani bila malipo. Watoto wa PP1 walikuwa 43. Mwanamke mmoja alikuja akiwa na binti yake wa miaka 4 mgongoni. Hakuvuka kizingiti. Alisimama nje, akasema, "Mwalimu, nimekuja kuuliza tu. Najua haiwezekani." Mama alimtazama mtoto, akaona mikono iliyopindika kama ile anayoijua, akasema, "Mshushe, mwanangu. Mkeka ule pale."

Siku ya nne, mzazi mmoja alifika kulalamika. Aliingia kwa salamu na adabu zote, kisha akaeleza hofu yake kwamba mwanawe ataambukizwa. Mama aliniita. "Huyu ni binti yangu," akamwambia. "Miaka 23 amekula sinia moja na nduguye mwenye hali kama hii, na amelala naye kitanda kimoja. Mtazame. Umeona nini?" Mzazi yule alinitazama, nami nikasimama kama kielelezo cha maabara. "Mwanao ukimwondoa nitasikitika," mama akaendelea, "lakini huyu haondoki." Mtoto wake hakuondolewa. Nilielewa siku ile kwamba mwaka 2004 mama hakukosa ujasiri. Alikosa mahali pa kuusimamisha.

Msomaji asidhani kwamba kisa changu kinakomea kwenye ushindi huo, kwa maana hapo ndipo kosa langu la pili lilipoanza. Nilikuwa na deni la kulipa, na nililipa kwa pupa. Nilimpakata binti yule mapajani mwangu tangu asubuhi hadi saa sita. Nilimlisha uji. Nilipowagawia watoto kalamu za rangi, niliushika mkono wake na kuchora nao. Watoto wengine walipomkaribia niliwaonya wasimguse, wasije wakamwumiza. Nilimwita malaika wetu. Baada ya wiki tatu, mtoto mmoja alipohesabu wenzake waliokuwepo, alianza na wa kwanza hadi wa arobaini na mbili, akamruka binti yule. Nilimwuliza, "Na huyu je?" Akanijibu kwa unyofu wa miaka minne: "Huyo ni wako."

Mama alikuwa amesikia. Jioni aliichukua michoro ile, akaitandaza mezani. "Hii umechora wewe," akasema. "Yeye amechora ipi?"

Tulianza upya. Fundi seremala wa kijijini alitengeneza kiti kidogo cha mbao chenye mgongo ulionyooka, pa kuegemeza mikono, ukanda wa kitambaa kiunoni na kibao mbele, nyayo zikigusa sakafu. Mtoto aliyeketi imara hupata mikono yake. Kalamu tulizizungushia vitambaa hadi zikawa nene za kushikika. Uji aliunywa mwenyewe kwa kikombe chenye masikio mawili, nusu ukimwagika, na hatukumkimbilia. Tulichora picha za choo, maji, njaa, kucheza na hapana, ili azionyeshe pale maneno yanapomchelewa. Picha ya hapana ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuchakaa.

Kisha lilikuja suala la ukuti. Kila mtoto wa pwani anaujua mchezo huu: watoto hushikana mikono wakazunguka wakiimba, kisha hutetemeka kama makuti yapigwayo na upepo. Watoto walipanga mduara wao uani, nami nikambeba binti yule nikamweka kando atazame. Alionyesha picha ya kucheza. Watoto walishauriana wenyewe. Mmoja akasema awe mnazi, akae katikati. Wakamzunguka. Mara ya pili akawa mnazi tena, na ya tatu. Mara ya nne alikataa kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Hakutaka kuwa mnazi. Alitaka kuwa ukuti.

Basi watoto wakaketi chini, wote, mduara mzima, wakashikana mikono wakayumba badala ya kuzunguka. Ilipofika pa kutetemeka, binti yule alitetemeka mwili mzima, mikono, shingo na miguu, kama ulivyotetemeka tangu alipozaliwa. Mtoto aliyekuwa kulia kwake aliacha kuimba, akamtazama kwa husuda, akasema, "Tazameni anavyojua!" Nao wakaanza kumwigiza. Nililikumbuka lile igizo la mwaka 2004, mikono iliyopindwa ili kunichokoza. Kitendo kilikuwa kile kile, ila safari hii waliigiza kwa kutaka kumfikia.

Turejee kwenye lugha. Neno linalotumika katika sera zetu ni "jumuishi", na kitenzi chake ni "kujumuisha". Wanafunzi wa mofolojia wataona mara moja kwamba kauli hiyo ni ya kutendesha: mtu anamfanya mwingine awe pamoja na kundi. Kuna "kujumuishwa", kauli ya kutendwa, ambayo ni hali ya mtoto aliyepokelewa, akasajiliwa, akapakatwa. Lakini kuna pia "kujumuika", na hapo mtoto mwenyewe ndiye mtendaji. Mimi nilimjumuisha binti yule kwa wiki tatu na hakujumuika. Alijumuika siku aliyokataa kuwa mnazi. Sheria, sera, mshahara wa mwalimu, kiti cha mbao, yote haya hutupatia kujumuishwa. Bila ya hayo hakuna pa kuanzia, kama mdogo wangu anavyoweza kushuhudia. Ila tukiishia hapo, tutakuwa na madarasa yaliyojaa watoto waliohesabiwa na wakaguzi na kurukwa na wenzao.

Wapo wanaohoji, na kwa haki, kwamba si kila mtoto hufaidika kwa kuwekwa katika darasa la kawaida. Mtoto kiziwi akiwa peke yake kati ya watoto 43 wanaosikia, na mwalimu asiyejua ishara hata moja, amejumuishwa kwa mwili na kutengwa kwa lugha katika miaka ile ile ambayo lugha huota mizizi. Katiba katika Ibara ya 7 inaitaka dola iendeleze Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli, na bila ya hizo mlango uliofunguliwa hauingiliki. Nakubali. Hata hivyo, hoja hiyo isigeuzwe kisingizio. Shule maalumu ziko mbali na vijiji vingi, na nyingi ni za bweni. Mtoto wa miaka 4 hahitaji kuchagua kati ya lugha yake na kitanda cha mama yake. Afadhali mwalimu mmoja, na pamoja naye watoto 43, wajifunze ishara 50, kuliko mtoto mmoja kubaki jikoni.

Sisi wana-Kiswahili tuna sehemu yetu. Katika ngano nilizosimuliwa na nyanya, mtu mwenye ulemavu alikuwa ama mwenye laana, ama mwenye maono, ama mtihani wa ukarimu wa watu wengine. Hakuwa mtoto anayecheza. Tunaoandika na kuhariri vitabu vya watoto tunaweza kumwandika mtoto mwenye kiti cha magurudumu aliyeiba embe, akakimbizwa, akasema uongo, bila ya hadithi kuwa juu ya kiti chake. Tunaweza kuzieneza istilahi ambazo tayari tunazo: mtoto mwenye ulemavu, mtoto mwenye usonji, mtoto mwenye ualbino. Tunaweza pia kuzitafsiri sheria hizi kwa Kiswahili kinachoeleweka jikoni. Lakini tusijidanganye kwamba kubadilisha istilahi kunatosha. Kijana, kiongozi na kinyozi wamevaa kiambishi kile kile cha ki- na hakuna anayewaonea. Kiambishi hakimdhili mtu ambaye jamii imemzoea kama mtendaji.

Ushahidi ninao nyumbani. Mdogo wangu sasa ana kibanda mbele ya nyumba yetu, anauza mandazi na vocha za simu. Hajui kusoma. Madeni yote ya kijiji ameyahifadhi kichwani, na wateja wamejifunza kumsikiliza hadi amalize sentensi. Yule jirani yetu wa zambarau amezeeka, bado hupita asubuhi, na bado humwuliza mama. Sikuisikia siku aliyobadilisha. Hakuna aliyemhubiria. Nadhani ilikuja yenyewe, baada ya miaka ya kusema ameniuzia, amenikopesha, amenidai. Siku hizi huuliza: "Ameamka? Nina haja ya mandazi ya shilingi hamsini."

Binti yule alimaliza PP2 mwaka 2024, na Januari 2025 akajiunga na Gredi ya Kwanza katika shule ya msingi iliyo jirani. Darasa lake liko juu ya vidato vitatu vya saruji. Kila asubuhi mama yake humpandisha mgongoni, na kila adhuhuri humngoja amteremshe. Wakati wa mapumziko wenzake wakishuka uani kucheza, yeye hubaki mlangoni juu ya vidato, akitazama.

Nilipomaliza insha hii nilimsomea mdogo wangu, kibandani, jioni isiyo na wateja wengi. Alicheka niliposoma habari za komwe. Nilipofika kwenye furaha yangu ya mwaka 2004 aliniinulia mkono nisimame, akanitazama kwa muda, kisha akaniashiria niendelee. Hakusema neno juu yake, nami sikumwuliza. Nilipofika kwenye vidato vitatu alinikatiza.

"Mteremko wa saruji ni pesa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia sijui, huenda fundi akijitolea ni mifuko miwili au mitatu ya saruji, pamoja na mchanga.

"Wazee wa kamati ya shule ile wote wananidai mandazi?" Akacheka mwenyewe, akajisahihisha: "Mimi ndiye ninayewadai. Chukua karatasi."

Nikachukua karatasi. Akaanza kusema, polepole, nami nikawa ninaandika.